Kumi na Tano, Kumi na Mbili, Tisa

Mwanafunzi yeyote wa kompyuta aliyepitia somo la mifumo endeshi anazijua namba hizi tatu: 15, 12 na 9. Chukua fremu tatu, chukua mfuatano wa kurasa 20 uliomo katika kitabu cha Silberschatz na wenzake, kisha uhesabu. Kanuni ya FIFO itakosa ukurasa mara 15, LRU itakosa mara 12, na kanuni bora kabisa itakosa mara 9. Namba hizo ni sahihi. Nimezihesabu kwa kalamu, nikaziandikia na programu, zikatoka zilezile. Sizipingi namba. Ninachopinga ni sisi kuziita utafiti.

Katika idara ninayosoma kuna rafu ya miradi ya kuhitimu, na miongoni mwake imo kadhaa inayohusu algoriti za kubadilisha kurasa. Majalada yanatofautiana, majina ya waandishi yanatofautiana, lakini ukifika sura ya nne unakutana na jedwali lile lile, na sura ya tano inahitimisha kwamba LRU ndiyo inayofaa. Hakuna mashine inayotajwa. Hakuna mtu anayetajwa kuwa alikuwa akiitumia. Mimi nilipopeleka pendekezo la kupima kompyuta za maduka ya huduma hapa Kamembe, lilirudi na ushauri kwamba nitumie mfuatano wa kitabuni kwa kuwa unajulikana. Naandika kwa sababu ushauri huo haunihusu mimi peke yangu. Unaamua ni nini kitakachoitwa elimu ya kompyuta kwetu sote.

Hoja yangu ni moja. Kanuni ya kubadilisha kurasa haina ubora wake yenyewe. Ubora wake unatokana na kazi inayoihudumia. Kwa hiyo mtu asiyeipima kazi hajaitafiti kanuni. Amefanya zoezi la hesabu, na zoezi hilo lilishafanywa na wengi kabla yake.

Kwa wenzangu mnaosoma fani nyingine, jambo lenyewe ni hili. Kompyuta ina kumbukumbu ya haraka lakini ndogo, yaani RAM, na hifadhi kubwa lakini ya polepole, yaani diski. Mfumo endeshi hugawa programu katika vipande vidogo vya ukubwa sawa vinavyoitwa kurasa, na huigawa RAM katika nafasi za kuziweka, zinazoitwa fremu. Kwenye mashine nyingi ukurasa mmoja ni KB 4, hivyo RAM ya GB 1 ina fremu 262,144. Programu ikihitaji ukurasa usiokuwapo katika RAM, tunasema imekosa ukurasa, na ni lazima uletwe kutoka kwenye hifadhi. Fremu zikiwa zimejaa, mmoja wa zilizomo hutolewa. Swali zima la utafiti huu ni hilo: atoke yupi? FIFO hutoa ulioingia mwanzo. LRU hutoa uliokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Kanuni bora hutoa ule ambao hautahitajika mpaka baadaye kuliko wenzake wote.

Si swali dogo. Fanya kwamba kugusa RAM kunachukua nanosekunde 200, na kuleta ukurasa kutoka kwenye diski kunachukua milisekunde 8. Mashine ikikosa mara moja tu katika kila mara 1,000, wastani wa kila mguso unapanda kutoka nanosekunde 200 hadi 8,200. Kompyuta imekuwa nzito mara 41 kwa sababu ya kosa moja katika elfu. Anayesema kwamba kompyuta yake imechoka, mara nyingi mashine haijachoka. Inatapatapa kutafuta kurasa.

Sasa turudi kwa wale walioianzisha elimu hii, tuone kama walifanya tunavyofanya sisi. Kompyuta ya Atlas ya Manchester, iliyoanza kazi mwaka 1962, ilikuwa na programu ya kuchagua ukurasa wa kutoa iliyojaribu kujifunza kutokana na jinsi kurasa zilivyokuwa zikitumika. Mwaka 1966 László Belady wa IBM alichapisha uchunguzi wake wa kanuni hizi, na humo ndimo ilimo ile kanuni bora tunayoichora ubaoni. Tatizo lake ni kwamba inahitaji kuyajua yajayo. Hakuna mfumo endeshi unaojua mtumiaji atabonyeza nini dakika ijayo. Ndiyo maana kila kanuni nyingine ni ubashiri: inautazama mwenendo uliopita na kubashiri ujao. Mwaka 1968 Peter Denning akaeleza kwa nini ubashiri huo hufaulu mara nyingi: programu hukaa kwa muda katika kundi dogo la kurasa kabla ya kuhamia kundi jingine. Akaonyesha pia kwamba kundi hilo lisipoenea katika RAM, mashine hutapatapa tu.

Tafakari maana yake. Kama kila kanuni ni ubashiri juu ya mwenendo wa programu, basi anayetaka kujua ubashiri upi ni mzuri hana budi kuujua mwenendo. Mganga hawezi kusifia dawa bila kumwona mgonjwa.

Naweza kuthibitisha hili bila mashine yoyote, kwa daftari tu, na namwomba msomaji anifuatilie. Uko mfuatano mwingine mashuhuri: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Hutumiwa kuonyesha kioja alichokieleza Belady pamoja na Nelson na Shedler mwaka 1969: FIFO ikipewa fremu tatu inakosa mara 9, ikiongezewa fremu ya nne inakosa mara 10. Umeongeza kumbukumbu, umepata hasara. Wahadhiri wanapenda kioja hiki, nami nakipenda. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuipitisha LRU katika mfuatano huo huo? Kwa fremu tatu LRU inakosa mara 10. Yaani FIFO, ile tunayoiita kanuni ya kijinga, imeishinda LRU. Kwa fremu nne LRU inakosa mara 8, na sasa inaishinda FIFO. Mfuatano mmoja, kanuni mbili zile zile, na mshindi amebadilika kwa kuongezwa fremu moja. Ile sentensi ya sura ya tano, kwamba LRU ndiyo inayofaa, iko wapi hapo?

Tuendelee. Andika 1, 2, 3, 4, kisha urudie mara tatu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 3, 4, 1, 2, 3, 4. Toa fremu tatu. LRU inakosa mara 12 kati ya 12. Kila inapohitaji ukurasa, inakuta imeutoa muda mfupi uliopita. FIFO nayo inakosa mara 12. Kanuni bora inakosa mara 6. Sasa jaribu kanuni ambayo hakuna mwanafunzi angethubutu kuitetea mbele ya jopo: utoe ukurasa ulioguswa sasa hivi kuliko wote. Inakosa mara 6, sawasawa na kanuni bora. Katika mzunguko huu, kanuni inayoonekana ya kipumbavu ni kamilifu, na kanuni inayosifiwa katika rafu yetu nzima haikupata hata mara moja.

Mtu atasema nimechagua mfano unaonifaa. Ni kweli nimeuchagua, na hapo ndipo hoja ilipo. Aliyeandika mfuatano wa kitabu naye aliuchagua, kwa kusudi jema la kufundishia. Anayechagua mfuatano amekwisha kuchagua mshindi. Kwa hiyo swali la mtafiti si kanuni ipi inashinda katika mfuatano tuliopewa. Swali ni mfuatano upi unatoka katika mashine za watu, na ni watu gani.

Hapa Kamembe watu hao tunawajua. Kuna kijana wa duka la huduma karibu na kituo cha mabasi, mwenye kompyuta moja ya zamani. Mteja anakuja anataka cheti. Kijana anafungua kivinjari kwenye fomu ya Irembo, anahamia WhatsApp kuchukua picha ya kitambulisho aliyotumiwa, anafungua faili la PDF, anachapisha, anarudi kwenye kivinjari kuthibitisha malipo. Mteja wa pili anakaa, na mambo yanaanza upya kwa mpangilio ule ule. Kwa jicho la kawaida kazi yake ni mzunguko. Yuko pia mama anayevuka daraja kwenda Bukavu na kurudi siku hiyo hiyo. Simu yake ni ya bei nafuu. Anasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa mnunuzi, anafungua kikokotoo kugeuza faranga za Kongo kuwa za Rwanda, anatazama picha ya mzigo, anarudi kwenye ujumbe. Naye anazunguka.

Je, mizunguko hiyo ya programu ndiyo pia mizunguko ya kurasa ndani ya RAM? Si lazima. Programu moja ina maelfu ya kurasa, na nyingine hutumiwa na programu kadhaa kwa pamoja. Huenda kazi ya duka lile inafuata maelezo ya Denning vizuri na LRU inaifaa kabisa. Huenda iko karibu na ule mfuatano wangu wa 1, 2, 3, 4. Jibu halimo kitabuni wala kichwani mwangu. Limo ndani ya ile kompyuta, na linapatikana kwa kupima.

Jambo la pili linalokosekana katika majedwali yetu ni gharama. Tunahesabu kila kukosa kuwa ni kumoja, kana kwamba kila ukurasa unaokosekana unalipiwa nauli ile ile. Si hivyo. Ukurasa ambao haukubadilishwa hutupwa tu, kwa kuwa nakala yake ipo kwenye hifadhi. Uliobadilishwa lazima uandikwe kwanza. Kwenye diski ya kuzunguka gharama ni moja, kwenye hifadhi ya flashi ni nyingine. Simu nyingi za Android hubana kurasa ndani ya RAM yenyewe ili zienee, na hapo gharama inalipwa kwa kazi ya prosesa na chaji ya betri. RAM ikizidi kubana, Android huiua programu nzima iliyo nyuma. Mwenye simu akirudi, inaanza upya, na tovuti aliyokuwa ameifungua huenda ikapakuliwa tena. Hapo gharama haihesabiwi kwa nanosekunde. Inahesabiwa kwa bando alilolinunua asubuhi. Ni jedwali gani katika rafu yetu lenye safu ya bando?

Nchi hii inao mfano mkubwa wa jambo hili, na wengi wa rika langu waliuona wakiwa shule ya msingi. Kuanzia mwaka 2008 Rwanda ilipokea kompyuta ndogo za XO kupitia mradi wa One Laptop per Child, na katika miaka iliyofuata zilizidi 200,000. Toleo la kwanza, XO-1, lilikuwa na RAM ya MB 256 na hifadhi ya flashi ya GB 1, likiendeshwa kwa Linux. Halikupangiwa eneo la kubadilishia kurasa kwenye hifadhi, na sababu inaeleweka: flashi huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Sasa fuata maana ya uamuzi huo. Linux isiyo na eneo la kubadilishia haiwezi kuzitoa kurasa za data ambazo programu imezitengeneza, kwa kuwa hazina pa kwenda. Inazoweza kuzitoa ni zile zenye nakala kwenye faili, na miongoni mwake zimo kurasa za maagizo ya programu yenyewe. RAM ikijaa, mfumo unayatupa maagizo ambayo muda si mrefu utayahitaji, unayasoma tena, unayatupa tena. Katika hali hiyo, kuuliza ukurasa upi ni wa zamani kuliko wote hakutoshi. Swali la kwanza ni kurasa zipi zinaruhusiwa kutoka. Swali hilo halimo kabisa katika mfuatano wa namba 20, ambamo kurasa zote ni sawa.

Laki mbili za mashine zenye kumbukumbu finyu, katika mikono ya watoto wanaojifunza, zilikuwa maabara ambayo vyuo vingi duniani vingeitamani. Sisi wa vyuo vya hapa ndio tuliokuwa jirani nazo. Katika rafu ninayoizungumzia hakuna hata mradi mmoja uliozigusa. Tulikuwa tukihesabu 15, 12 na 9.

Najua majibu yatakayotolewa, na nitayachukua moja moja.

La kwanza ni kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza anajifunza misingi, hivyo zoezi la kitabu linamtosha. Nakubali kwa mwaka wa pili. Zoezi lile ni zuri, na asiyeweza kulifanya kwa kalamu asiende mbele. Lakini mradi wa kuhitimu si zoezi. Una neno utafiti kwenye jalada. Kama tunataka kubaki kwenye zoezi, basi tuwe wakweli na tulifute neno hilo.

La pili ni kwamba RAM imekuwa rahisi, anayesumbuka anunue mashine kubwa. Jibu hili hutolewa na mtu ambaye si yeye atakayenunua. Pia halina mashiko kitaalamu: Google walipotengeneza Android 4.4 mwaka 2013 walilenga iweze kwenda kwenye simu za MB 512, na baadaye wakaandaa toleo la Go kwa simu zenye RAM ya GB 1 au chini yake. Wenye fedha za kununua RAM yote wanayoitaka wameona mashine ndogo zinastahili kushughulikiwa. Inakuwaje sisi tunaozitumia tuone hazistahili?

La tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba swali lenyewe lilishamalizwa na wakubwa. Halijamalizwa. Linux haitumii LRU halisi, kwa sababu kurekodi kila mguso wa kila ukurasa ni gharama kubwa mno. Kwa miaka mingi imetumia orodha mbili, ya kurasa zinazotumika na ya zilizopoa, kama makadirio. Desemba 2022, toleo la Linux 6.1 lilipokea mpango mpya unaozipanga kurasa kwa vizazi kadhaa, ulioongozwa na Yu Zhao wa Google. Miaka 60 baada ya Atlas, kiini cha Linux bado kinabadilishwa katika jambo hili hili. Na mpango huo haukupita kwa nguvu ya jedwali la fremu tatu. Kabla ya kukubaliwa ulijaribiwa katika kompyuta za ChromeOS na simu za Android zilizomo mikononi mwa watu. Wao wanapima kazi za watumiaji wao. Watumiaji wa Kamembe atawapima nani, ikiwa wanafunzi wa Kamembe wanaona ni kazi isiyojulikana?

La nne ni la heshima, nami naliheshimu: kwamba kupima mashine ya mtu ni kuingia katika siri zake. Lakini kinachohitajika si ujumbe wake wala picha zake. Linux yenyewe huhesabu, katika faili la /proc/vmstat, ni mara ngapi ukurasa umeletwa kutoka kwenye hifadhi na ni mara ngapi ukurasa uliotolewa umelazimika kurudishwa. Hizo ni namba tupu. Anayeziona hajui mwenye mashine alikuwa akimwandikia nani. Hata hivyo mwenye mashine aelezwe kwa lugha anayoielewa, aombwe ruhusa, na akikataa aachwe. Hapa mjini maelezo hayo yatatolewa kwa Kinyarwanda au Kiswahili, lugha ambayo tangu 2017 ni moja ya lugha rasmi za nchi yetu. Mtafiti asiyeweza kumweleza mwenye duka anachokipima kwa lugha hizo, na ajiulize kama yeye mwenyewe amekielewa.

Basi naidai idara yoyote inayofundisha somo hili, na wanafunzi wenzangu kabla ya idara, mambo manne. Mradi wa kuhitimu juu ya kubadilisha kurasa usikubaliwe bila data ya walau mashine moja inayofanya kazi ya mtu, iliyopimwa kwa ruhusa yake. Utaje RAM ya mashine hiyo, aina ya hifadhi yake, na kama ina eneo la kubadilishia kurasa, kwa sababu bila hayo matokeo hayana maana. Uhesabu gharama, si idadi ya kukosa tu: muda aliosubiri mtu, na ikiwezekana bando alilopoteza. Na data ihifadhiwe idarani bila majina, ili mwanafunzi wa mwaka ujao aanzie tulipoishia badala ya kuanzia ukurasa ule ule wa kitabu.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji maabara mpya wala mfadhili. Kinahitaji kompyuta moja ya duka, mwenye duka mmoja aliyekubali, na wiki chache za subira. Matokeo yanaweza kuthibitisha kwamba LRU inatufaa, nami nitafurahi kuyasoma, maana yatakuwa matokeo. Kitakachobaki hakikubaliki ni jopo kumpa mwanafunzi shahada kwa kutuletea tena namba tatu tulizokuwa nazo kabla hajasajiliwa chuoni.